Peugeot 504 ya mwisho haikutoka Ufaransa

Volvo 240 ya mwisho kutengenezwa duniani ni stesheni wagoni. Ilitoka kiwandani 5 Mei 1993, ikafunga hesabu ya miaka 19 na magari zaidi ya milioni 2.8. Iliundwa kwa ajili ya soko la Italia, lakini imebaki kwao Uswidi, kwenye makumbusho ya kampuni mjini Gothenburg. Wenyewe hawakuona haya kuhifadhi gari la kubebea watoto, mizigo na mbwa.

Habari hiyo fupi ilinikaa kichwani kwa sababu ya gari jingine kabisa. Aliyesafiri mikoa ya kusini kabla Noah na Probox hazijashika njia anaijua Peugeot 504 stesheni wagoni: bodi ndefu, siti safu tatu, keria juu iliyojaa magunia, na ndani watu wamepakatana hadi mlango unafungwa kwa kusukumwa kutoka nje. Ile ya mwisho iko wapi? Nani anaitunza?

Jibu la kwanza nililopata ndilo lililonishtua. Kule Ufaransa 504 ilizinduliwa mwaka 1968, stesheni wagoni ikafuata 1971, na kufikia 1983 utengenezaji wa magari hayo ya abiria ulikuwa umekwisha. Afrika haikuacha. Kenya iliendelea kuziunganisha hadi 2004, jumla zikafika kama 27,000. Kiwanda cha Kaduna, Nigeria, kilichoanza kazi 1975, kilitoa zaidi ya 400,000 na hakikufunga ukurasa wa 504 hadi 2006. Kwa hiyo mwenye makumbusho anayetaka 504 za mwishomwisho aje Afrika. Sochaux, mji wa kiwanda cha Peugeot, wana makumbusho yao tangu 1988, lakini miaka ishirini na zaidi ya mwisho ya gari hili ni historia yetu sisi.

Hilo ndilo lililonipeleka gereji.

Fundi niliyemkuta Mfaranyaki, hapa Songea, ameomba jina lake lisiandikwe. Wateja wake wanamwita Mzee tu, nami nitamwita hivyo. Alianza kushika spana wakati barabara ya kutoka Makambako ilikuwa bado vumbi na matope, kabla ya lami iliyojengwa kwa msaada wa Uingereza miaka ya 1980. Nilimpa shikamoo, nikamweleza habari za Volvo ya Gothenburg. Alisikiliza huku anafuta mikono, kisha akanipeleka nyuma ya banda, kwenye bodi ya 504 iliyokalishwa juu ya magogo.

"Inama, mwanangu. Hesabu springi za nyuma."

Ziko nne.

Hapo ndipo nilipopoteza mchana wangu, na sijutii. Kwenye 504 saluni kila gurudumu la nyuma lina mkono wake na springi yake moja, hivyo gurudumu la kushoto likiingia shimoni, la kulia halina habari. Abiria analala usingizi. Stesheni wagoni haikujengwa kwa ajili ya usingizi. Imefungwa ekseli moja nzima kutoka gurudumu hadi gurudumu, na kila upande umebebwa na springi mbili, moja mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake. Si kamani kama za lori, ambazo gari likiwa tupu zinamrusha abiria hadi anagonga dari. Ni springi za kuzunguka, laini gari likiwa tupu, na likijaa zinagawana uzito mbilimbili.

Mzee alinionyesha kwa kidole mahali ambapo moja ilikuwa imekatika. Ikikatika moja, alisema, upande ule unachuchumaa lakini mwenzake anabaki kazini. Dereva anapunguza mwendo, anaongea na abiria wake vizuri, anafika Mbinga. Wengine walikuwa wanachomeka kipande cha tairi kuukuu kwenye nafasi ya iliyokatika, wakaendelea hadi mwisho wa msimu wa kahawa ndipo wakaja kwake. Alilisema hilo kwa uchungu, kama daktari anayekumbuka wagonjwa waliochelewa kufika.

Kisha akachukua futi kamba. Kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha gurudumu la nyuma, saluni ina sentimita 274. Hii ina 290. Watu wanadhani stesheni wagoni ni saluni iliyoongezwa mkia, na dhana hiyo inamkera. Mkia mtupu ungeuweka mzigo wote nyuma ya ekseli; gari lingeinua pua na usukani ungekuwa mwepesi. "Usukani mwepesi kwenye mteremko wa Lukumburu ni kaburi," alisema. Zile sentimita 16 zimesogeza magurudumu ya nyuma, yakaingia chini ya mzigo. Safu ya tatu ya siti ikapata pa kuweka miguu, na dereva akabaki na gari linalosikia anapokata kona.

"Aliyechora hii alimfikiria mtu wa nyuma," Mzee alisema. "Magari mengi yanamfikiria anayeendesha."

Sijapata kusikia mtu akiisifu kazi ya mhandisi asiyemjua kwa heshima kama ile.

Bodi yenyewe ni ya kuhuzunisha. Sakafu imeliwa na kutu, na mahali pa kutu pana viraka vya bati la pipa alivyovichomelea yeye mwenyewe kwa nyakati tofauti. Anavitambua kimoja kimoja kwa jinsi moto wa welding ulivyopita. Nilimuuliza: gari kama hili likipelekwa makumbusho, viraka hivi ving'olewe? Alinikatalia papo hapo. Ukiving'oa, alisema, utabaki na gari la Wafaransa, na wao wanayo yao mazima. Hili ni la Songea kwa sababu ya viraka.

Wapo wahifadhi wanaotaka gari lirudi lilivyotoka kiwandani, rangi ileile, kitambaa kilekile cha siti. Wapo wanaosema usiguse hata tope. Mimi naegemea kwa Mzee, ila sijui namna ya kuizuia kutu isiendelee kula wakati sisi tunabishana.

Hatuna upungufu wa kumbukumbu Songea. Makumbusho ya Majimaji, yaliyoanzishwa 1980 na kuingizwa chini ya Makumbusho ya Taifa 2010, yanatunza habari za mashujaa walionyongwa na Wajerumani 27 Februari 1906, na hakuna deni kubwa kuliko hilo. Dar es Salaam, kwenye Makumbusho ya Taifa, yapo magari yaliyotumiwa na viongozi, ya enzi za magavana na ya Mwalimu Nyerere. Ni sawa yawepo. Lakini gari la kiongozi lilitunzwa tangu siku ya kwanza. Lilikuwa na dereva wa serikali, mafuta ya serikali na banda la serikali. Lililompeleka mgonjwa hospitali ya Peramiho usiku, likarudisha maiti Namtumbo, likawafikisha wanafunzi shuleni siku ya kufungua, halina pa kulazwa.

Hata umaarufu wa Peugeot tunaukumbuka kwa upande mmoja. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, na msomaji ramani wake Chris Rothwell walishinda mashindano ya East African Safari mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, wakiwa na Peugeot 404. Majina yao yameandikwa. Madereva waliozipitisha stesheni wagoni kwenye tope lilelile kila wiki, abiria wakiwa ndani, hawakupewa kikombe, na wengi wao wamezeeka.

Nani ajenge banda? Manispaa, makumbusho, wafanyabiashara waliopata mtaji wao wa kwanza kwa kusafirisha abiria kwa magari hayo? Na lihifadhiwe gari lipi, lililo zima kuliko yote au lililofanya kazi kuliko yote? Mzee hana jibu la hayo. Analojua ni kwamba wanunuzi wa chuma chakavu wanapita gereji hadi gereji na mizani zao, na kwa mizani springi nne na springi mbili ni kilo tu.

Basi ombi langu ni kwa wasomaji wa Songea, Mbinga, Namtumbo, Tunduru na Nyasa. Kama nyuma ya nyumba yenu kuna 504 stesheni wagoni, msiiuze kwa kilo kabla ya kuipiga picha, kutunza kadi yake ya usajili na kuandika majina ya madereva wake. Na kama dereva wake yu hai, mkamuulize mwaka huu.