Nyimbo za Kitoto Katika Picha za Paula Rego

Wimbo wa mtoto hudhaniwa kuwa kitu kisicho na uzito: huimbwa, mtoto akacheka au akalala, basi. Marehemu Paula Rego, mchoraji aliyezaliwa Lisbon mwaka 1935 na kufariki London mwaka 2022, hakuikubali dhana hiyo. Mwaka 1989 alitoa mfululizo wa picha za kupigwa chapa zilizotokana na nyimbo za kitoto za Kiingereza, alizozichora kwa ajili ya mjukuu wake.

Atazamaye upesi atashtuka. Miss Muffet, yule binti wa wimbo wa buibui, hakujiwa na kidudu bali na jibuibui lenye uso wa binadamu. Kondoo mweusi ni dume kubwa lililoketi kama mwenye nyumba, limemkumbatia msichana. Naye mke wa mkulima ana kisu mkononi, na panya ni vipofu. Wengine wataziita picha hizi uchafu. Sisi tunaona kuwa Rego hakuzua kitu: tamaa, hofu na adhabu zimo katika nyimbo zenyewe, ila watu wazima tumezizoea mno hata hatuzisikii tena.

Alikulia katika Ureno ya Salazar, ambako mke hadi mwaka 1969 hakuruhusiwa kusafiri nje ya nchi bila idhini ya mumewe. Katika nchi ya namna hiyo, mengi yasiyosemeka hadharani hujificha katika hadithi za watoto.

Hatimaye aliyasema waziwazi. Kura ya maoni ya mwaka 1998 kuhusu kuhalalisha utoaji mimba ilishindwa, nao waliopiga kura hawakufika hata theluthi moja ya wapiga kura wote. Rego alighadhibika, akawachora wanawake na wasichana wa shule waliotoa mimba kwa siri. Hamna damu, mna kitanda, ndoo, na macho yanayomkabili mtazamaji. Kabla ya kura ya pili, mwaka 2007, baadhi ya picha hizo zilichapishwa magazetini Ureno, na mwaka huohuo sheria ikabadilishwa. Hatudai kuwa picha ndizo zilizoshinda kura. Lakini afisa mwenye mamlaka ya kuruhusu au kuzuia picha angefaa kujiuliza ni nani hasa anayelindwa na marufuku yake.

Mwaka 2009 halmashauri ya mji wa Cascais, karibu na Lisbon, ilifungua jumba la makumbusho kwa ajili ya kazi zake, likaitwa Nyumba ya Hadithi.