Hujachelewa, Babu

Leo sisemi paukwa, kwa hiyo msinijibu pakawa. Hii si ngano, wajukuu zangu. Ilitokea kweli, mjini London, miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili.

Siku hizo Uingereza, mwanamume asiyevuta sigara alikuwa wa kutafuta. Watu walivuta kwenye mabasi, wakavuta kwenye sinema, na madaktari nao wakavuta. Na huku saratani ya mapafu, ambayo zamani ilikuwa nadra sana, ikawa inaua watu wengi zaidi mwaka hadi mwaka. Chanzo chake hakikujulikana.

Kazi ya kukitafuta wakapewa wawili: Austin Bradford Hill, bingwa wa takwimu, na daktari kijana aitwaye Richard Doll. Doll alishuku lami iliyokuwa ikitandazwa barabarani, au moshi wa magari. Sigara hakuitilia maanani sana. Yeye mwenyewe alikuwa mvutaji.

Wakatuma wahoji katika hospitali 20 za London. Mhoji alikaa na mgonjwa akamuuliza mambo mengi, na ya sigara yakiwamo: ulianza ukiwa na umri gani, unavuta ngapi kwa siku, uliwahi kuacha? Waliulizwa wagonjwa wa saratani ya mapafu, na waliolazwa kwa maradhi mengine wakaulizwa vilevile, ili makundi hayo yalinganishwe.

Sasa tegeni masikio, maana hapa ndipo ninaposisimka kila nikiisimulia. Baadhi ya wagonjwa walidhaniwa wana saratani ya mapafu, kumbe baadaye vipimo vikaonyesha hawana. Doll akarudi kwenye karatasi zao kuangalia majibu. Uvutaji wao ulifanana na wa wale wenye maradhi mengine, haukufanana na wa wenye saratani! Hakuna aliyewaelekeza wajibu hivyo; siku walipohojiwa, wahoji wenyewe waliamini kuwa wagonjwa hao wana saratani. Miongoni mwa wanaume 649 waliokuwa nayo kweli, ambao hawakuwahi kuvuta walikuwa wawili tu. Matokeo yakachapishwa mwaka 1950. Lakini Doll hakungoja uchapishaji. Alipoona namba zinaelekea wapi, akaacha sigara.

Haikuishia hapo. Mwaka 1951 waliwaandikia barua madaktari wa Uingereza kuwauliza kama wanavuta, kisha wakawafuatilia wanaume 34,439 kati yao: nani anaendelea, nani ameacha, nani amefariki na kwa nini. Ufuatiliaji huo ulidumu miaka 50. Taarifa ya mwaka 2004 Doll aliitoa akiwa na umri wa miaka 91, na ilisema hivi: kwa wastani, waliovuta hadi mwisho walikufa miaka 10 mapema kuliko wasiovuta. Aliyeacha akiwa na miaka 60 alijiongezea takribani miaka mitatu ya kuishi. Aliyeacha akiwa na 50, miaka sita. Wa 40, tisa. Wa 30 aliirudisha karibu yote 10.

Mtaniuliza, kama mambo yenyewe ndiyo hayo, mbona babu yenu bado anavuta? Swali zuri, na msiharakishe kumlaumu. Ndani ya tumbaku mna nikotini. Mtu akivuta pafu moja, katika muda wa sekunde 10 hivi nikotini imeshafika kwenye ubongo, na ubongo unatoa kemikali ya raha. Kila siku, mara kumi, mara ishirini, kwa miaka arobaini! Mwishowe ubongo unajipanga upya kuisubiri. Nikotini ni kama mkopeshaji mbaya: anakupa kidogo, na baada ya muda mfupi tu yuko mlangoni anadai. Sigara inayofuata babu haivuti tena kwa starehe, anaivuta ili deni linyamaze.

Halafu kuna mazoea, nayo yana nguvu zake. Chai ya asubuhi imefungamana na sigara. Akimaliza kula, sigara. Akikaa barazani kucheza bao, mkono unaingia mfukoni wenyewe, kabla hajafikiri. Kwa hiyo anayeacha anapambana na ubongo unaodai, na papo hapo anapambana na kikombe cha chai na kete za bao.

Siku za mwanzo za kuacha ndizo ngumu kuliko zote, maana ubongo unadai nikotini yake. Vijana wa mtaani huita hali hiyo arosto. Babu atakuwa mkali, usingizi utapungua, atafokea hata redio. Vumilieni, hawachukii ninyi. Baada ya wiki chache hali hutulia. Huenda pia akakohoa zaidi mwanzoni, na watu wakasema, unaona, kuacha kumemdhuru. Sivyo. Ndani ya njia ya hewa kuna vinyweleo vidogo vinavyofagia uchafu, moshi ulikuwa umevilemaza, sasa vimerudi kazini. Kikohozi kisipokwisha, aende akapimwe. Na akirudia sigara baada ya mwezi, msimcheke: wengi huacha mara kadhaa kabla ya kuacha moja kwa moja. Daktari anaweza kumsaidia pia, maana dawa za kupunguza hamu zipo, na ushauri nao husaidia sana.

Nanyi mna kazi. Hamu ya sigara ikimkamata huja kwa nguvu, ila kwa kawaida hupita baada ya dakika chache. Dakika hizo ndizo zenu. Mwombeni maji ya kunywa mnywe wote, mwombeni hadithi, mtoeni akatembee, tena kwa njia isiyopita kile kibanda kinachouza sigara mojamoja.

Huenda akawaambia, "Mimi nimeshazeeka, niacheni na sigara yangu." Mjibuni kwa adabu kwamba hajachelewa, mkamsimulie habari za wale madaktari walioacha wakiwa na miaka 60. Miaka mitatu anaweza kuiona michache. Lakini mjukuu aliye darasa la nne leo, miaka mitatu ijayo atakuwa amepanda madarasa matatu, na angependa babu awepo siku ya kupokea matokeo ya mtihani.