Minziro: Msitu unaoishi kwa mafuriko ya Mto Kagera

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

KWA wakazi wa Kitendaguro na kata nyingine za Manispaa ya Bukoba, neno mafuriko lina maana moja tu, nayo ni hasara. Mei 2024 Mto Kanoni ulifurika na maji yakaingia katika makazi ya watu mjini. Tangu hapo, kila mvua kubwa inaponyesha, macho ya wengi huelekea mtoni.

Hata hivyo, katika mkoa huo huo wa Kagera, umbali wa safari ya saa chache kwa gari kutoka Kitendaguro, uko msitu ambao haungekuwapo kama mto usingefurika. Huo ni Msitu wa Minziro, katika Wilaya ya Missenyi, mpakani mwa Tanzania na Uganda. Kinachowaletea watu wa mjini taabu ndicho kinachowapa uhai ndege, nyani, samaki na miti ya Minziro.

Msitu huo una ukubwa wa hekta 25,000 hivi. Kwa miaka mingi ulikuwa hifadhi ya misitu ya kawaida, kisha ukapandishwa daraja na kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Hadhi hiyo inatokana na Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002, na maana yake ni kwamba uvunaji wa miti hauruhusiwi. Kinachoruhusiwa ni utafiti, elimu na utalii.

Ili kuuelewa msitu huu, ni lazima kwanza kuuelewa mto wenyewe.

Mto Kagera hukusanya maji kutoka eneo la kilometa za mraba karibu 60,000 katika nchi nne, yaani Burundi, Rwanda, Tanzania na Uganda. Ndio mto unaomwaga maji mengi zaidi katika Ziwa Victoria. Baada ya maporomoko ya Rusumo, mto huelekea kaskazini ukiwa mpaka wa Tanzania na Rwanda, kisha hugeukia mashariki, hupita Murongo na Kyaka, na hatimaye huingia ziwani upande wa Uganda.

Katika sehemu hiyo ya mwisho ardhi ni tambarare, nayo imeinuka kidogo tu kuliko ziwa. Maji yanapoongezeka hayana mteremko wa kuyapeleka mbele kwa kasi. Badala yake hutanda pembeni, yakaingia katika mafunjo, katika mbuga za nyasi ambazo Wahaya huziita rweya, na ndani ya msitu wenyewe.

Jambo linalowashangaza wageni ni kwamba mto huendelea kujaa hata baada ya masika kumalizika. Sababu ni kwamba huko juu, Rwanda na katika wilaya za Ngara, Karagwe na Kyerwa, mto hupita katika mabwawa na vinamasi vingi. Vinamasi hivyo huyapokea maji ya mvua kama sifongo na kuyaachia taratibu. Kwa hiyo, wakati mvua za Machi hadi Mei zinapungua Bukoba, huku chini Kagera mara nyingi ndiyo kwanza inafikia kilele chake, kati ya Mei na Julai.

Ziwa nalo lina sehemu yake. Usawa wa ziwa unapopanda, mto hukosa pa kutokea kwa haraka na maji hukaa muda mrefu zaidi katika uwanda. Hali hiyo ilionekana wazi Mei 2020, wakati Ziwa Victoria lilipofikia mita 13.42 kwa kipimo cha Jinja na kuivuka rekodi iliyokuwa imedumu tangu mwaka 1964.

Mafuriko hayo ya kila mwaka yamejenga msitu wa aina yake. Mti unaotawala sehemu kubwa ya Minziro ni podo, mti wa mbao ambao Watanzania wengi wanaufahamu kama mti wa milimani, penye baridi. Minziro podo inaota tambarare, mizizi yake ikiwa katika tope, bega kwa bega na miti ya nyanda za chini ambayo asili yake ni misitu ya Kongo na Afrika Magharibi. Ni nadra kuikuta miti ya jamii hizo mbili ikiishi pamoja kwa namna hiyo.

Msitu wa Minziro haukomei mpakani. Upande wa pili unaendelea na misitu ya Sango Bay nchini Uganda, ukiwamo ule wa Malabigambo. Mstari wa mpaka ulichorwa na wakoloni kwa kufuata nyuzi moja kusini mwa Ikweta, bila kujali mto wala msitu, hivyo ukaukata msitu mmoja vipande viwili.

Mchanganyiko huo wa miti ndio unaowavuta wataalamu wa ndege. Minziro imerekodiwa kuwa na aina zaidi ya 240 za ndege, na kadhaa kati yao hawapatikani mahali pengine popote Tanzania. Wamo hondohondo weusi na weupe, ambao mlio wao husikika kabla hawajaonekana. Yumo pia shorobo mkubwa wa buluu, ndege mwenye ukubwa wa karibu na kuku ambaye hukimbia juu ya matawi badala ya kuruka.

Kasuku wa kijivu naye ni wa misitu hii. Biashara ya kumkamata na kumuuza imemmaliza katika nchi nyingi za Afrika, kiasi kwamba mwaka 2016 nchi wanachama wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini (CITES) zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini wa aina hiyo.

Nje ya msitu, rweya zinazofurika zina mgeni wake wa msimu, mbayuwayu wa buluu. Ndege huyo mdogo huzaliana katika nyanda za juu za kusini mwa Afrika, zikiwamo zile za kusini mwa Tanzania. Baridi inapoanza huko, husafiri hadi mbuga za nyasi zinazozunguka Ziwa Victoria, na za Sango Bay ni miongoni mwa muhimu zaidi kwake. Mtu anayelima rweya yote ya Missenyi atakuwa amemnyima makazi ndege ambaye kiota chake kiko mamia ya kilometa kutoka hapo.

Kwa upande wa wanyama, Minziro haina simba wala makundi ya nyumbu. Wanaoonekana kwa urahisi ni jamii ya nyani na tumbili, hasa mbega wenye manyoya meusi na meupe. Mtoni wamo viboko na mamba. Ndani ya mafunjo anaishi nzohe, swala mwenye kwato ndefu zilizopanuka ambazo humwezesha kutembea juu ya tope bila kuzama. Akishtushwa huingia majini na kubakiza pua tu nje.

Samaki ndio wanaoonyesha wazi zaidi jinsi mafuriko yanavyofanya kazi. Kambale hungoja maji yatande juu ya nyasi ndipo waende kutaga mayai, kwa kuwa huko kuna chakula kingi na samaki wakubwa wa kuwala watoto wao ni wachache. Ningu, samaki aliyewahi kuwa kitoweo kikuu katika mito ya Ziwa Victoria kabla hajapungua sana, hupanda Mto Kagera kutoka ziwani ili akazaliane. Mvuvi anayeuza samaki sokoni Bukoba ananufaika na mafuriko ambayo pengine hajawahi kuyaona.

Aidha, mafunjo huchuja maji. Udongo unaomomonyoka katika vilima vya Rwanda, Burundi na Karagwe husombwa na mto, na sehemu yake hutuama katika vinamasi kabla haujafika ziwani. Hata hivyo, si kila kitu huzuiwa. Magugu maji, yaliyovamia Ziwa Victoria kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, yaliingia kwa kiasi kikubwa kupitia mto huu.

Kwa mkazi wa Bukoba ambaye mapumziko yake ya mwisho wa wiki huishia ufukweni, safari ya Minziro inawezekana. Barabara ya lami ya Mutukula humfikisha Kyaka, kilometa 50 hivi kutoka mjini, ambako huvuka Mto Kagera na kuendelea hadi Bunazi, makao makuu ya Wilaya ya Missenyi. Kutoka hapo hufuata barabara ya vumbi kuelekea Minziro. Vibali na waongozaji hupatikana kupitia ofisi za TFS.

Kyaka penyewe pana historia yake. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia ardhi yote iliyo kaskazini mwa mto, Minziro ikiwamo, na Novemba mwaka huo yakalipua daraja la Kyaka. Amin alitangaza kwamba mto ndio mpaka mpya. Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilimng'oa, na magofu ya kanisa lililopigwa mabomu ni kumbukumbu ya vita hivyo.

Wakati wa kwenda ni suala la kupanga kwa makini. Maji yanapokuwa juu, njia nyingi za miguu huzama na gari lisilo na nguvu katika magurudumu yote hukwama. Anayetaka kutembea msituni ni vyema asubiri maji yapungue, kuanzia Agosti, au achague kipindi cha Januari na Februari. Viatu virefu vya mpira ni vya lazima katika majira yote. Darubini ni bora kuliko kamera, kwa sababu vingi viko juu ya miti. Mtu asisogelee ukingo wa mto bila mwongozaji, kwani kiboko anayetoka kula usiku hurudi majini alfajiri kwa njia ile ile, na hampishi mtu.

Ni utalii wa subira. Anayetarajia kuona kama anavyoona Serengeti atarudi na malalamiko. Anayekubali kusimama kimya kwa nusu saa ataona vipepeo, ambao katika msitu huu ni wa mamia ya aina, na atasikia zaidi ya anavyoona.

Majirani wa Minziro wameshaonyesha kwamba mto huu unaweza kuleta watalii. Nchini Rwanda, Hifadhi ya Taifa ya Akagera, iliyoanzishwa mwaka 1934, ilipunguzwa kwa zaidi ya nusu mwaka 1997 ili kuwapa ardhi wakimbizi waliorejea. Baada ya usimamizi kuimarishwa kuanzia mwaka 2010, simba walirudishwa mwaka 2015 na faru weusi mwaka 2017. Kwa upande wa Tanzania, mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda, Rumanyika na yale ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaligeuzwa kuwa hifadhi za taifa za Ibanda-Kyerwa, Rumanyika-Karagwe na Burigi-Chato.

Tofauti ya ulinzi inaonekana zaidi mpakani. Uganda iliuingiza ukanda wake wa Sango Bay, Visiwa vya Musambwa na ardhi oevu ya Kagera katika orodha ya mkataba wa Ramsar mwaka 2006. Tanzania ilijiunga na mkataba huo mwaka 2000 na kuorodhesha Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero na Rufiji-Mafia-Kilwa. Uwanda wa mafuriko wa Kagera haumo. Msitu wa Minziro unalindwa kisheria, lakini rweya na mafunjo yanayouzunguka, ambako maji hupita kabla ya kuufikia, hayana ulinzi wa kiwango hicho.

Hapo ndipo penye hatari yenyewe. Mahitaji ya ardhi katika uwanda huo ni makubwa na ni halali. Kuna mashamba ya miwa ya Kagera Sugar, kuna ranchi na wafugaji, kuna wakulima wadogo wanaofuata unyevu mara maji yanapopungua. Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilometa 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga, njia yake inaingia Tanzania kupitia Missenyi na kuvuka Mto Kagera. Mafuta yakivuja katika ardhi ambayo hufurika kila mwaka, hayatabaki pale yalipovujia.

Msitu unaweza kufa bila mti hata mmoja kukatwa. Maji yakizuiwa kwa matuta au kuhamishwa kwa mifereji, tope hukauka. Likishakauka, moto unaowashwa katika rweya ili nyasi mpya zichipue hauna tena cha kuuzuia usiingie msituni. Wakata mbao na wachoma mkaa nao, ambao kwa miezi kadhaa ya mwaka huzuiwa na maji kuliko na askari yeyote, hupata njia kavu mwaka mzima.

Kwa sababu hiyo, kuilinda Minziro ni zaidi ya kuweka mabango na walinzi kwenye mipaka ya hekta 25,000. Ni kukubali kwamba katika uwanda huo mto una haki ya kupita na kutanda, na kwamba mipango ya mashamba, barabara na makazi iwekwe kwa kufuata mahali maji yanapofika. Somo hilo linawahusu pia watu wa mjini. Kingo za Kanoni zilikuwa ardhi oevu kabla hazijawa viwanja, na maji yaliyoingia majumbani Mei 2024 yalikuwa yakipita katika njia yao ya zamani.