Mzio wa chakula au ugonjwa wa kurithi? Maswali matatu yanayosaidia kutofautisha

KASONGO, Maniema – Mtoto anapotapika kila akila, jamaa na majirani hawakosi la kusema. Mmoja atasema mwiko wa ukoo umevunjwa, mwingine atasema mtoto amelogwa, na siku hizi yupo pia atakayesema ni aleji. Mtoto anakatazwa samaki leo, mayai kesho, karanga keshokutwa, mpaka anabaki na bukari na chumvi. Hapo utapiamlo nao unaingia.

Kwa familia za Kasongo na Kabambare, ambako safari ya kufika hospitali kubwa ni ndefu, kujua tofauti ya matatizo haya ni jambo la kuokoa maisha.

Mzio, ambao wengi huuita aleji, ni kosa la kinga ya mwili. Kinga huiona protini ya karanga, yai, samaki au maziwa kama adui na kuishambulia. Magonjwa ya kurithi ya umetaboli ni jambo jingine: mtoto huzaliwa bila kimeng'enya fulani cha kusaga na kutumia chakula, au akiwa nacho kidogo mno. Kile ambacho mwili umeshindwa kukitumia hujikusanya na kugeuka sumu.

Maswali matatu husaidia kutofautisha.

La kwanza: dalili zilianza lini? Mzio mkali huja upesi, ndani ya dakika chache hadi saa mbili: vipele vinavyowasha, midomo kuvimba, kifua kubana, kutapika, hata kuzimia. Ugonjwa wa kurithi mara nyingi huja polepole: mtoto haongezeki uzito, analegea, anachelewa kukaa au kutembea.

La pili: alikula kiasi gani? Mwenye mzio anaweza kuzidiwa na punje moja ya karanga. Katika ugonjwa wa umetaboli, kwa kawaida kadiri chakula kinavyozidi ndivyo madhara yanavyozidi.

La tatu: nani mwingine aliugua? Kama nyumba nzima imeumwa baada ya chakula kimoja, huenda si mzio wala si urithi. Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri, kwa siku tatu hivi, hubakiza sumu ya sayanidi. Sumu hiyo inahusishwa na konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ambao daktari Trolli aliueleza mwaka 1938 kutoka Kwango, magharibi mwa nchi yetu.

Maziwa yanahitaji uangalifu wa pekee. Mtu mzima anayejaa tumbo na kuharisha baada ya kunywa maziwa mara nyingi hana mzio. Mwili wake umepunguza kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa, jambo la kawaida kwa watu wengi duniani wasiotoka katika jamii za wafugaji. Lakini mtoto mchanga anayenyonya, akatapika, akawa na macho ya manjano na kulegea, apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo. Inaweza kuwa maambukizi, na mara chache ni galaktosemia, ugonjwa wa kurithi ambao hata maziwa ya mama humdhuru mtoto. Mama asimwachishe kwa uamuzi wake mwenyewe.

Tatizo la kurithi lililo karibu nasi zaidi ni upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, unaoonekana sana katika nchi zenye malaria. Wenye upungufu huo, hasa wavulana, huweza kuishi bila dalili mpaka watumie dawa kama primakwini au dapsoni, au wale maharage mapana yanayopendwa Misri. Maharage ya kawaida ya sokoni kwetu si hayo. Baada ya siku moja hadi tatu, chembe nyekundu za damu huvunjika: mkojo unakuwa mweusi kama kahawa, macho yanageuka manjano, mgonjwa anapauka. Aliyewahi kupata hali hiyo amweleze muuguzi kabla ya kupewa dawa.

Lawama nazo zikome. Kama ilivyo kwa selimundu, mengi ya magonjwa haya hutokea pale baba na mama wote wawili wanapobeba hitilafu bila wao kuugua. Kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Mama hakumroga mtu.

Vipimo vya uhakika si rahisi kupatikana vijijini, lakini daftari linapatikana. Andika chakula, saa ya kula, saa ya dalili, na kama kuna ndugu wa mtoto waliofariki wakiwa wachanga. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, usisubiri dawa ya kienyeji: mgonjwa anahitaji sindano ya adrenalini pajani, na kila dakika ina thamani.