Mteja Aliponiuliza Kuhusu Bastola: Nilivyojifunza Kuandika Masharti ya Duka

Leo siongelei picha za bidhaa wala muda mzuri wa kuposti. Naongelea mteja aliyeacha mzigo wake mezani akaondoka bila kusema neno, na jinsi karatasi moja niliyobandika mlangoni ilivyokaribia kunikosesha wateja wa pande zote mbili.

Kwa wasionijua: mimi ni mtu wa Tanga, naishi Houston, jimbo la Texas, Marekani. Nauza vitenge, vikoi na viungo vya chai. Oda zote zinaingia kwa simu na nyingi natuma kwa posta. Ila wateja wa hapa mjini wanapenda kuja wenyewe washike kitambaa, kwa hiyo nimekodi chumba kidogo kwenye safu ya maduka, na kila Jumamosi wanakuja kuchukua mizigo. Tuko wawili tu, mimi na mtoto wa dada yangu, binti wa miaka 19, ambaye ndiye anakaa mezani.

Jumamosi moja chumba kilikuwa kimejaa. Mama mmoja Mkongo, aliyeishi miaka mingi kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuletwa Marekani, alikuwa anahesabu hela mezani, mtoto kamshika mkono. Nyuma yake kaka mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, akanyoosha mkono kushusha kitenge rafu ya juu. Shati likapanda. Kiunoni ana bastola.

Kaka mwenyewe hakujua kama ameonekana. Yule mama akamvuta mtoto wake, akatoka. Vitenge alivyokwisha kuvichagua akaviacha pale pale.

Usiku akanitumia ujumbe wa sauti: "Dada, sina neno na wewe. Lakini mimi nimekimbia bunduki tangu Kongo. Dukani kwako mtu anaruhusiwa kuingia nayo? Niambie tu nijue. Kama ni ndiyo, nitakuwa naagiza kwa posta."

Sikilizeni vizuri alichouliza. Hakunitukana, hakuniposti vibaya. Aliuliza masharti ya duka langu, na mimi sikuwa na jibu, maana sikuwa nayo. Nilikuwa na masharti ya kurudisha mzigo na ya malipo ya awali. Hili la bastola sikuwahi kuliwazia hata siku moja.

Kosa langu la kwanza: kujibu kwa presha

Jumatatu nikanunua stika yenye mchoro wa bastola iliyokatwa mstari mwekundu. Nikaibandika mlangoni. Nikamwambia binti, "Ukimwona mtu nayo, mwambie atoke."

Jioni naongea na dada yangu Tanga, namsimulia kwa kujisifu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo mwanangu mimi ndiye atamwambia mtu mwenye bastola atoke?"

Nilikosa la kusema.

Jumamosi iliyofuata yule kaka akafika, akaona stika, akageuza gari. Baadaye akaandika: "Dada, hukuniuliza chochote. Nina leseni. Naendesha teksi usiku, nimeshaporwa mara moja. Nimekuja kwako miaka mitatu, kuna siku nilimletea mtu shida? Umenibandikia mlangoni kama jambazi." Akamalizia kwa kuniambia kwamba stika ile kwa mtu mwenye leseni haina nguvu hapa Texas, nikasome sheria.

Wiki hiyo hiyo nikakuta kadi ndogo imesukumwa chini ya mlango. Hakuna jina. Ujumbe wake kwa Kiingereza ulikuwa mfupi: hapana bunduki, hapana pesa. Baadaye nikaja kujua kwamba watetezi wa bunduki hapa wana kadi za namna hiyo, wanaziacha kwenye maduka yanayokataza, ili mwenye duka ajue amekosa mauzo kwa nini.

Sasa piga hesabu. Mama Mkongo kanyamaza, kaka wa teksi kakasirika, mtu nisiyemjua kaniachia kadi. Wote watatu ni wateja wanaosema jambo kuhusu masharti ya duka langu. Na duka lenyewe halijui linasimama wapi.

Nikasoma sheria

Yule kaka alikuwa sahihi. Tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu mzima wa miaka 21 na kuendelea hapa Texas anaweza kubeba bastola bila leseni, mradi hakuna sheria nyingine inayomzuia. Lakini mwenye duka ana haki ya kukataa isiingie kwake, ila akatae kwa namna sheria ilivyoelekeza.

Kuna vifungu vitatu vya sheria ya jinai ambavyo watu hapa wanavitaja kwa namba tu. 30.05 unamhusu asiye na leseni. 30.06 unamhusu mwenye leseni aliyeificha bastola. 30.07 unamhusu mwenye leseni anayeibeba waziwazi. Mabango yake yana maneno yaliyoandikwa ndani ya sheria yenyewe, kwa Kiingereza na Kihispania, herufi zenye urefu usiopungua inchi moja, rangi zinazotofautiana ili zisomeke, na yakae mahali panapoonekana. Mwenye leseni akipita bango la 30.06 na bastola yake, faini inaweza kufika dola 200. Akiambiwa kwa mdomo aondoke akakataa, kosa linakuwa kubwa zaidi. Kumbe mimi nilikuwa nimebandika mchoro.

Hata wakubwa walipita hapa hapa

Msidhani ni sisi wadogo tu. Chukua Starbucks, wauza kahawa. Msimamo wao ulikuwa kufuata sheria ya kila jimbo, basi. Desemba 2012 yakatokea mauaji ya shule ya Sandy Hook mjini Newtown, watoto 20 na watu wazima 6 wakauawa. Kina mama wakaanzisha kundi la Moms Demand Action, likawataka Starbucks wakataze bunduki madukani. Upande wa pili nao wakajibu: tarehe 9 Agosti 2013 wakaifanya siku ya kuishukuru Starbucks, watu wakaenda kunywa kahawa na bunduki zao. Tawi la Newtown lilifunga mapema siku hiyo.

Umeona kilichotokea? Kampuni ilidhani haimo upande wowote, watu wakaamua kuisemea.

Septemba 2013 mkuu wa kampuni, Howard Schultz, akatoa barua ya wazi akiwaomba wateja wasiingie na bunduki. Aliomba, hakukataza. Na akaeleza kwa nini: kukataza kabisa kungewalazimu wafanyakazi kwenda kukabiliana na mteja mwenye silaha, na hilo hakutaka kuwabebesha. Niliposoma hapo nikamkumbuka dada yangu. Swali lake la Tanga ndilo lililokuwa linamsumbua tajiri wa kahawa.

Walmart nao, Agosti 2019 mtu aliingia na bunduki duka lao la El Paso, hapa hapa Texas, akaua watu 23. Mwezi mmoja baadaye kampuni ikawaomba wateja wasibebe bunduki waziwazi madukani mwake, na ikatangaza kuacha kuuza risasi za bastola. Kwa mwenye kibali anayeficha, hawakubadilisha kitu. Chama cha NRA kikawalaumu hata hivyo.

Hapo ndipo pagumu. Bunduki ya waziwazi inaonekana, unaweza kusema nayo. Iliyofichwa huioni. Ukikataza, unakataza kitu ambacho huwezi kukikagua, labda uweke mlinzi wa kupekua watu, na nani atanunua kitenge kwa kupekuliwa?

Nilichoamua

Nilikaa wiki nzima. Nilimwandikia kila mteja wa Jumamosi, mmoja mmoja, swali moja tu: ungependa iweje, na kwa nini? Wengi walisema wangependa zisiingie, hasa wanaokuja na watoto. Wachache wakasema kama yule kaka. Wawili wakasema hilo silo la kuulizana, wakaacha kununua. Sijawaona tena.

Mwisho nikaweka mabango yote matatu, maneno ya sheria neno kwa neno. Mlango wangu mdogo sasa umejaa herufi juu mpaka chini. Nikamwambia binti: kazi yako ni kutoa mizigo. Bango limeshasema. Ukiona kitu, usimsemeshe mtu, nenda chumba cha nyuma uniite. Na kwa anayebeba, nikaweka njia nyingine: abaki garini, apige simu, mimi mwenyewe nitamletea mzigo.

Halafu nikagundua jambo la kuchekesha kama si la kusikitisha. Mabango ni ya Kiingereza na Kihispania, ndivyo sheria inavyotaka. Yule mama aliyeuliza hasomi vizuri hata moja kati ya hizo. Nikaandika karatasi ya Kiswahili nikaiweka chini yake, na maneno hayo hayo nayatuma kwa kila mtu oda yake inapokuwa tayari:

"Karibu sana. Ndani ya duka letu haturuhusu bastola, iwe imefichwa au iko wazi, hata kama una leseni. Kama umebeba, hatukuhukumu: piga simu ukifika, tutakuletea mzigo garini."

Kaka wa teksi alijibu, "Sikubaliani na wewe, dada. Lakini leo umeniambia kabla sijatoka nyumbani." Anaagiza mpaka leo, nampelekea garini. Ila hasara ipo, nisiwadanganye. Zamani akiingia kuchukua kitenge kimoja anatoka na viwili na pakiti ya iliki. Sasa anachukua alichoagiza tu.

Yule mama alirudi. Alisimama mlangoni akasoma karatasi yote. Akaniuliza, "Na kama mtu kaificha, utajuaje?"

Nikamwambia ukweli. "Sitajua, mama."

Akafikiri kidogo. "Haya. Angalau sasa najua wewe umesema nini." Akaingia. Bado anapenda kusimama karibu na mlango.

Ya kwako wewe unayeuza mtandaoni

Wengi mnaonisoma mko Dar, Mwanza, Mombasa, Nairobi, na bastola siyo shida ya duka lenu. Lakini mteja kuhoji masharti, hiyo haikosi. Kwa nini mzigo haurudishwi? Kwa nini nilipe kabla ya kuona? Kwa nini umeposti picha yangu bila kuniuliza? Nilichojifunza mimi ni haya:

1. Mteja anayeuliza anakupa nafasi. Wengi wanaondoka kimya. Yule aliyehangaika kutuma ujumbe mjibu, hata kama jibu ni "nipe siku mbili nifikirie."

2. Usiandike sharti ukiwa na hasira au hofu. Stika yangu ilinichukua dakika tano kununua, na wiki kadhaa kurekebisha.

3. Ukikaa kimya, watu watakusemea. Walimsemea muuza kahawa mkubwa, wewe watakuachia?

4. Jiulize nani atalitekeleza. Kama ni binti wa dukani au kijana wa bodaboda ndiye atagombana na mteja mlangoni, hilo sharti ni lako, siyo lake. Lipange upya.

5. Usiahidi usichoweza kukagua. Siandiki popote kwamba duka langu ni salama kabisa. Naandika ninachokataza, basi. Na wewe usiandike "orijino asilimia mia" kama hujui ilikotoka.

6. Sema kabla mtu hajatoka nyumbani au hajatuma hela, kwa lugha anayoisoma. Sharti linaloonekana baada ya malipo ni ugomvi.

7. Asiyekubaliana na wewe mwachie njia ya kununua. Siyo lazima mkubaliane ndipo umuuzie.

8. Kubali kwamba wengine watakwenda. Mimi wamekwenda wawili, na yule wa kadi, ambaye huenda alikuwa ananunua kwangu kila mwezi.

Jumamosi iliyopita binti aliniuliza kama tunaweza kupunguza ukubwa wa yale mabango, yanaziba dirisha na vitenge havionekani kutoka nje. Nikamwambia sheria inataka inchi moja. Tumehamishia vitenge upande wa pili.

Haya, zamu yenu. Ni sharti gani la duka lako ambalo mteja amewahi kukuhoji, na ulimjibuje? Andika kwenye komenti, na kama umeshindwa kulijibu mpaka leo, liandike hivyo hivyo tusaidiane. Mauzo mema.