Shoti ndogo bafuni si ya kuzoea

Mama mmoja mkazi wa Iringo, Manispaa ya Musoma, alikuja kupima presha. Tulipomaliza akaniambia kama utani: "Daktari, bomba la bafuni kwangu linanifinya vidole kila nikilifungua. Nimewaambia watoto waingie na kandambili."

Sikucheka. Nilimwomba azime hita ya maji na asiiwashe tena hadi fundi aione. Fundi alikuta koili imepasuka, umeme unavujia kwenye maji, na waya wa ethi haukuwa umeunganishwa popote.

Ngozi kavu huzuia umeme kwa kiasi, lakini ikilowa kinga hiyo hupungua sana. Umeme ukipita kifuani, moyo unaweza kuanza kutetemeka badala ya kusukuma damu, na mtu akafariki ndani ya dakika chache. Kandambili haziwezi kukuokoa ukishika bomba kwa mkono mmoja na kuegemea ukuta uliolowa kwa mkono wa pili.

Hita nayo huonyesha dalili kabla ya ajali, kama ugonjwa. Izime na umwite fundi mwenye leseni ya EWURA ukiona haya:

• Bomba, maji au ukuta unakupiga shoti, hata kidogo.
• Harufu ya plastiki inayoungua, au swichi na waya kupata moto.
• Swichi kuu kujizima kila hita inapowashwa. Usilazimishe kuirudisha.
• Hita ya tanki kuvuja, kutoa maji yenye kutu au kugonga kwa ndani. Usizibe kamwe vali yake ya usalama. Ndiyo inayozuia tanki kupasuka.

Hita ya kuogea ya wati 5,500 huvuta karibu ampea 24, wakati soketi ya kawaida ni ya ampea 13. Kwa hiyo inahitaji waya wake mnene, ethi, na kifaa cha miliampea 30 kinachokata umeme mara unapovuja.

Wanaotumia koili ya kutumbukiza kwenye ndoo, zimeni na kuichomoa kwanza, ndipo mguse maji. Ndoo isiachwe mahali mtoto anapofika.

Hatari nyingine ni joto lenyewe. Maji ya nyuzi joto 60 huweza kumuunguza mtu mzima vibaya kwa sekunde 5 hivi, na mtoto kwa muda mfupi zaidi. Tangulizeni maji ya baridi kwenye beseni, kisha ya moto, na mpime kwa kiwiko kabla ya kumwogesha mtoto.

Mtu akiungua, mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Msipake dawa ya meno, asali, yai wala mafuta. Mtoto aliyeungua apelekwe hospitali.

Mtu akinaswa na umeme, msimguse. Zimeni swichi kuu kwanza. Asipopumua, mkandamizeni katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka huku mwingine akitafuta usafiri. Aliyezinduka naye apelekwe hospitali apimwe moyo, hata akisema yuko salama.

Yule mama alirudi mwezi uliofuata. Bomba halimfinyi tena. Kandambili bado anavaa, ila sasa ni kwa sababu ya utelezi tu.