Hedi Ikichongwa, Taimingi Huchelewa

Hedi iliyopinda kwa joto huchongwa ili uso wake ulale sawa juu ya bloku. Katika injini ambayo kamshafti imekaa kwenye hedi yenyewe, kazi hiyo huisogeza kamshafti karibu na krenki. Upande wa mkanda unaovutwa na krenki hubaki na urefu uleule, ilhali umbali umepungua. Kwa hiyo gia ya kamshafti hurudi nyuma kidogo, na tensheni hufyonza ulegevu wa upande wa pili. Valvu huchelewa kufunguka na kufunga.

Kiasi chake ni kidogo. Gia yenye mzingo wa milimita 360, hedi ikipungua milimita 1, hurudi takriban digrii 1, sawa na digrii 2 za krenki. Kuruka jino hakutibu: kwenye gia ya meno 40, jino moja ni digrii 18 za krenki! Dawa ni gia inayorekebishika au gasketi nene zaidi.

Hatari kubwa zaidi ni valvu kukaribia pistoni. Nafasi hiyo ipimwe kabla ya kuwasha. Kamshafti ikiwa ndani ya bloku, taimingi haiguswi.